Wiki ya Kobe na Mnara

Jumamosi, tarehe 10 Machi 1990. Asubuhi hiyo ukungu uliulalia mto Kelantan mpaka saa tatu, na wanawake waliokwisha kutandaza vipande vya donge la unga na samaki kwenye nyungo walikaa milangoni wakilisubiri jua. Mimi sikulisubiri. Nilisali Dhuha kwa haraka kuliko kawaida yangu, Mungu anisamehe, nikafunga ushungi mweupe, nikaenda shuleni karibu ninakimbia. Siku hiyo ndiyo kompyuta zilikuwa zinakuja.

Zilikuwa zinakuja mbili, lakini tungebakiwa na moja tu. Bwana Fauzan, afisa wa elimu ya watu wazima, alikuwa amelieleza darasa letu la jioni waziwazi. Wafanyabiashara wawili wametuazima mashine zao kwa siku tano. Tuzijaribu, tuchague aina moja, na Jumatano baada ya Alasiri atakuja kuchukua jibu.

"Nataka jina moja," alisema, "na chini yake saini kumi na tano. Sitaki kumi na nne. Mkishindwa kukubaliana, kompyuta itavuka mto kwenda Seberang Nipah. Wenzenu wa huko wameshasema wataipokea hata ikiwa ya udongo."

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuwahesabu wenzangu. Nilikuwa kiongozi wa darasa. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na sita, baada ya miaka mingi ya kuuza budu, ule mchuzi wa samaki waliochachushwa, sokoni na kuwaomba wateja wanisomee kilichoandikwa kwenye mifuko yao. Kila usiku katika sajda nilikuwa naomba jambo moja: Ya Rabi, umenifungulia kitabu, nifungulie na hii mashine. Nao wenzangu kumi na wanne walikuwa wakiomba hivyohivyo, kila mmoja kwa maneno yake.

Tatizo ni kwamba kijiji chetu wakati ule kilikuwa na maimamu wawili. Siasa ilitugawa hivyo. Watu wa chama hiki walisali nyuma ya huyu, wa chama kile nyuma ya yule, na upande mmoja ukifanya karamu ya harusi, upande wa pili haugusi hata maji. Mimi na Che Bidah, mwanafunzi mwenzangu, tulikuwa pande mbili, nyumba zetu zikitazamana kama majogoo. Mahali pekee tulipokaa benchi moja palikuwa darasa la jioni.

Mwalimu wetu, Bi Norlia, binti mdogo mwenye subira ya ngamia, alifungua maboksi mbele yetu. La kwanza lilitoa kitu kidogo, kifupi, kinene, skrini na mwili vikiwa kitu kimoja. La pili likatoa sanduku refu la kusimama, skrini yake peke yake, kibodi peke yake, na nyaya nyingi kama utumbo wa ng'ombe.

"Hiki kidogo ni kobe," alisema Tok Su Esah, bibi yetu wa darasa, mwenye miaka sabini na moja. "Na hicho kirefu ni mnara wa msikiti. Sasa adhini basi, tukusikie!"

Tangu hapo hakuna aliyeziita kwa majina yake ya dukani.

Nilimjaribu Kobe kwanza. Ukisogeza kipanya juu ya meza, mshale nao unasogea kwenye skrini. Kulikuwa na picha ya karatasi, picha ya folda, hata picha ya pipa la takataka. Nilibofya karatasi, ikafunguka, nikaandika jina langu, *Senah*, na herufi zikatokea nyeusi juu ya weupe, nzuri kama za kitabuni. Nilipiga ukelele. Wenzangu wakapiga ukelele pamoja nami bila kujua kwa nini.

Kisha nikakaa mbele ya Mnara. Skrini ilikuwa nyeusi. Pembeni kilikuwepo kistari kimoja cha kijani kikipepesa, kikipepesa, kama mtu aliyekuuliza swali na sasa anakutazama. Niliandika jina langu. Mnara ukanijibu kwa Kiingereza.

"Unasema nini?" nikamuuliza Bi Norlia.

"Unasema amri yako si sahihi, Mama Senah."

"Amri gani? Ni jina langu!"

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikajichekesha nao. Moyoni, hata hivyo, nilirudi kuwa yule mwanamke wa sokoni anayeomba asomewe mfuko. Nikaondoka kwenye kile kiti, nikasema kwa sauti, "Kobe! Mimi ni wa Kobe."

"Na mimi wa Mnara," alisema Che Bidah papo hapo. "Binti yangu anafanya kazi ofisi ya ardhi. Meza zote ni Mnara mtupu. Huyo kobe wenu ni kichezeo cha watoto wa matajiri."

Che Bidah anapiga chapa za batiki tangu ujana wake. Mkono wake ni mzito na ulimi wake ni mzito zaidi.

Kufikia Jumapili jioni tulikuwa saba kwa saba, na Tok Su katikati akisema yeye ni wa yule atakayemletea vitumbua. Tulicheka sana siku hiyo. Kila upande ulikuwa na kiongozi wa kuimba na waitikiaji wa kupiga makofi, kwa sababu sisi watu wa Kelantan hatuwezi kubishana kwa muda mrefu bila kuanza kushindana kwa nyimbo. Nilianza mimi:

*Mnara wenu wa chuma, uso wake ni wa giza,*
*Ukikosa neno, mama, pale pale wakukwaza!*

Che Bidah hakungoja makofi yaishe:

*Kobe wenu ana gamba, hawezi kufunguliwa,*
*Ofisini mkiomba, kazi gani mtapewa?*

Hata mlinzi wa shule alikuja dirishani kusikiliza.

Jumatatu jioni nilileta wali wa bluu, uliotiwa rangi ya maua, na samaki, kama ninavyofanya kila mwanzo wa wiki. Nilipoingia nikaona madawati yamesogezwa. Watu wa Mnara walikuwa kulia, watu wa Kobe kushoto, na katikati njia pana ya kupita mtu na mwavuli. Nikatazama nyuso upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Ukiwaondoa wawili watatu, wale wa kulia wote walisali nyuma ya imamu wao, na wa kushoto nyuma ya imamu wetu.

Nikampelekea Che Bidah sahani. Hakuigusa.

"Nimeshiba," alisema.

"Che, wewe tangu lini ukashiba mbele ya wali wangu?"

"Tangu leo."

Nikajua. Ikifika Jumatano tukiwa hivi, hakuna saini kumi na tano, na kompyuta inavuka mto.

Usiku ule nilisali istikhara. Niliomba kwa machozi: kama Kobe ana heri, niweke karibu naye; kama Mnara una heri, nielekeze kwake. Nikalala juu ya mswala. Nikaota mitungi ya budu, mitungi na mitungi, imepangwa kutoka jikoni kwangu mpaka mjini Kota Bharu.

Alfajiri nilimpitia Tok Su, nikamhadithia.

"Mitungi ilikuwa mifupi au mirefu?" akauliza.

"Ya kawaida tu."

"Basi hakuna jibu hapo, mwanangu. Hiyo ni njaa. Ungekula ule wali wako mwenyewe usiku."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Lakini nikiwa njiani kurudi nikaanza kufikiri. Tangu Jumamosi sikuwa nimegusa tena kibodi ya Mnara. Na Che Bidah hakuwa amekishika kipanya hata mara moja, na tayari alikuwa na mashairi kumi ya kukitukana. Tulikuwa tunaimbia vitu tusivyovijua. Nikasimama katikati ya njia, nikasema "Alhamdulillahi" kwa sauti hata bata wa watu wakakimbia, nikageuka kwenda kwa Bi Norlia.

Saa nne asubuhi tulikuwa wote darasani, tumeitwa kwa dharura.

"Leo jioni kuna mashindano ya kuimba," nikatangaza. "Pande zinabadilishana. Watu wa Kobe watausifu Mnara. Watu wa Mnara watamsifu Kobe. Atakayesifu kwa uongo tutamjua, kwa sababu Bi Norlia atamwambia akae afanye kile alichokiimba, mbele ya wote."

Kelele zilizotoka hapo, Mungu ndiye shahidi.

"Nimsifu yule kobe? Mimi?" Che Bidah alisimama, mikono kiunoni. "Senah, umekula nini?"

"Unaogopa?"

"Naogopa nini? Naogopa kufa kwa kicheko!"

"Basi keti. Kipanya hicho hapo. Hakiumi."

Akaketi kwa hasira, kiti kikalia. Nami nikaenda kuketi mbele ya kile kistari cha kijani.

Bi Norlia alinipa neno moja tu. "Neno hili maana yake, nionyeshe vilivyomo. Andika, halafu bonyeza kitufe kikubwa." Niliandika polepole, herufi tatu. Nikasema bismillahi, nikabonyeza. Skrini ikajaa mistari, mmoja baada ya mwingine, ikishuka kama mvua juu ya bati. Vitu vyote vilivyokuwa ndani ya ile mashine vikajipanga mbele yangu, kwa neno langu.

"Tena!" nikasema.

Akanipa la pili, la kunakili. Likafanya kazi. La tatu nikalikosea, Mnara ukaninunia, nikasoma vizuri, nikaona herufi iliyoruka mahali pake, nikairudisha. Ukatii. Ukatii! Niligundua kwamba kwa Kobe nilikuwa nikionyesha vitu kwa kidole, kama nilivyokuwa nikifanya sokoni kabla sijajua kusoma. Hapa nilikuwa nikisema neno, na neno linafanya kazi. Miaka mitatu ya kukaa kwenye vidawati vya watoto ilikuwa imeniandalia jambo hili na sikujua. Kufikia Adhuhuri nilikuwa na maneno tisa. Nilisali nikiwa nayo mdomoni, ikabidi nirudie rakaa.

Kutoka upande wa pili hakukusikika kitu. Hilo peke yake lilikuwa ajabu, maana Che Bidah hajawahi kunyamaza hata mazikoni. Nikanyanyuka kutazama. Alikuwa ameinama, pua karibu iguse skrini, ulimi nje kidogo kama mtoto. Alikuwa anachora. Petali moja, akaifuta. Petali tena. Ua la bunga raya, lile jekundu linaloota kwenye nyua zetu, si zuri sana, petali moja nene kuliko nyingine.

"Sasa bofya hapa," Bi Norlia akamwambia, "halafu hapa."

Ua likawa mawili. Yakawa manne. Yakawa nane, kumi na sita, yakajaza ukurasa mzima, safu kwa safu, kama kitambaa.

Che Bidah akajitupa nyuma, akashika kifua.

"Nani amechora haya?" akauliza.

"Wewe, Mama Bidah."

"Mimi?" Akatugeukia, macho yamelowa na anacheka kwa wakati mmoja. "Jamani, maisha yangu yote napiga chapa maua ya watu! Chapa anachonga mwanamume wa Kota Bharu, mimi napiga tu. Tazameni! Tazameni, hili ni langu!"

Printa iliyokuwa pembeni ikaanza kulia, kriii, kriii, na karatasi ikatoka. Akaishika kwa ncha za vidole kama mtu anayebeba yai. Tukaizunguka wote, watu wa kulia na watu wa kushoto, na ile njia ya katikati ikazibika bila mtu kuizungumzia.

Jioni hiyo, baada ya Magharibi, waume na watoto walijazana madirishani. Nikaimba kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa:

*Mnara nilikutusi, kumbe mimi ndiye mwoga,*
*Leo neno ni rahisi, nalipika kama mboga!*

"Lipike basi!" wakapiga kelele upande wa pili. Nikaketi, nikaandika maneno yangu tisa, moja baada ya jingine, na kila mistari iliposhuka darasa likaitikia "Eeeh!" kwa makofi.

Kisha akasimama Che Bidah na karatasi yake mkononi:

*Kobe nilikukejeli, kwa umbo lako la toto,*
*Leo nasema ukweli, umenichorea ndoto!*

Paa la shule liliponea chupuchupu. Tok Su alicheza mpaka ushungi ukamwangukia machoni.

Bi Norlia akaona hapo ndipo pa kumaliza. "Haya, mama zangu. Wanaomtaka Kobe, mikono juu."

Ikapanda mikono saba. Wote watu wa Mnara!

"Wanaoutaka Mnara?"

Mikono saba. Wangu ulikuwa wa kwanza, na nyuma yangu watu wote wa Kobe.

Halafu Tok Su akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kuku anayetaga, na sote tukaanguka juu ya madawati. Tulicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Lakini nilipofuta machozi nikahesabu tena kichwani. Saba kwa saba. Tulikuwa palepale, na kesho ni Jumatano.

Bwana Fauzan alifika baada ya Alasiri na fomu yake. Akaiweka juu ya meza, nafasi ya jina moja, na chini yake mistari ya saini.

"Naandika nini?" akauliza.

"Kobe," alisema Che Bidah.

"Mnara," nilisema mimi.

Akatutazama. "Si niliambiwa kwamba Jumamosi ilikuwa kinyume?"

"Bwana Fauzan, usituulize," alisema Tok Su. "Hata malaika wanaoandika wamechanganyikiwa."

Afisa hakucheka. Alitazama saa yake, kisha akatazama upande wa mto, na mimi akilini nikaiona kompyuta yetu imeshapakiwa kwenye boti. Nikamtazama Che Bidah. Ile karatasi ya maua alikuwa ameikunja vizuri, ameibana chini ya kiganja. Nikaona nilichoweza kufanya.

"Che," nikasema, "kama ni kwa ajili ya ua lako, nitatia saini ya Kobe. Nilimpenda kwanza, nitampenda tena."

"Usinihurumie, Senah. Ukinihurumia nitakuchukia."

"Sasa nifanye nini?"

"Nyamaza, nafikiri." Akamgeukia afisa. "Mashine hizi zikiugua, zinatibiwa wapi?"

"Mnara, hapa hapa Kota Bharu. Bwana Yeoh, aliyetuazima huo Mnara, ana fundi, anaufungua, anabadilisha kilichoharibika. Kobe hafunguliwi na mtu wa huku. Anapelekwa Singapore."

"Singapore!" Tok Su akaruka. "Mimi nina miaka sabini na moja sijafika Singapore, aende kobe?"

Watu wakacheka, lakini Che Bidah hakucheka. Alikuwa akiwatazama wasichana wawili wa nyuma, Mek Zah na ndugu yake, walioacha shule wakiwa wadogo, wanaotafuta kazi ya ofisi tangu mwaka jana. Walikuwa wa upande wangu wa kijiji, wanasali nyuma ya imamu wetu. Aliwatazama kwa muda mrefu.

"Hao wakijifunza kwa Kobe," alisema, kama anajisemea mwenyewe, "siku ya kwanza ofisini watakaa mbele ya ile skrini nyeusi kama Senah alivyokaa Jumamosi. Nilimwona. Nilimcheka, lakini nilimwona." Akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Akaandika yeye mwenyewe jina la Mnara kwenye fomu, kwa herufi zake nene, akatia saini, akanisukumia karatasi. Nikatia yangu. Wakaja wengine, wa kulia na wa kushoto, wakisukumana kama watoto wanaogawiwa sukari. Tok Su akawa wa mwisho, akachukua muda wake wote. Saini kumi na tano.

Nilitaka kupiga ukelele, lakini Che Bidah alinishika mkono wa kanzu.

"Bado," alisema. Akaikunjua ile karatasi ya maua, akaibandika juu ya fomu, mbele ya kila mtu. "Mimi nimetoa changu. Sasa wewe, mwenye maneno tisa, mwambie huyo Mnara wako anitolee ua hili. Na usiniambie pembeni. Sema hapa, mbele ya afisa, mbele ya mwalimu, mbele ya watu wa imamu wangu na watu wa imamu wako, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakusikia."

Nikamtazama Bi Norlia. Akanong'ona, "Inawezekana, ipo programu ya kuchora, lakini ni ngumu. Ina maneno mengi."

Nikavuta pumzi. Nikasimama, nikaweka mkono juu ya karatasi ya maua.

"Mimi, Senah binti Dollah," nikasema, na sauti yangu ikafika mpaka kwa watu waliokuwa madirishani, "mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu nyote, ninamwahidi Che Bidah: nitajifunza kila neno ambalo Mnara unalitaka, hata yakiwa elfu, na kabla mwezi wa Ramadhani haujaisha nitaketi naye kwenye kiti kimoja, nimsomee neno kwa neno, mpaka ua lake, lile la mkono wake mwenyewe, litoke kwenye printa ya darasa hili. Na usiku huo atafuturu nyumbani kwangu."